Mwalimu Aliyefunga Siku

Ukimpelekea Mwalimu tarehe yoyote, hata ya harusi yako, alikuwa akikuuliza kwanza: "Siku yako inaanzaka saa ngapi?"

Wateja walidhani ni mzaha. Mimi pia nilidhani hivyo nilipokuwa msichana, mwanafunzi wake wa informatiki, somo la kompyuta, hapa Kasongo, nikamjibu kwamba siku yangu inaanza nikiamka. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Alisema jibu langu ni zuri kuliko la kitabu, ila programu itakayoandikwa kwa jibu hilo itanifaa mimi peke yangu, na siku nitakayolala nisiamke itasimama.

Sisi watu wa mji, wa familia za Kiislamu, siku yetu inaingia jua likizama. Usiku wa Ijumaa kwetu ni ule unaoitangulia Ijumaa. Yeye alitoka kwa wakulima Wakristo wa upande wa Kizimba, na kwao siku inaanza watu wakishika jembe. Serikali nayo inaianza siku yake usiku wa manane, wakati hakuna mtu ofisini wa kuipokea, na jambo hilo lilimchekesha miaka yote niliyomjua. Mfanyabiashara akileta karatasi ya kodi iliyoandikwa "kabla ya tarehe fulani", Mwalimu alikuwa akimtazama juu ya miwani na kusema: "Kabla ya tarehe ya nani, papa?"

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Mimi nina duka dogo karibu na soko, la kupiga chapa, kutoa fotokopi na kuchaji simu kwa jua. Wenye maduka, vyama vya wakulima wa mpunga, watu wa dhahabu kutoka Salamabila na Lusangi, wote walikuwa na shida moja: hawakujua siku ya mwisho ya jambo lao ni ipi. Mwalimu akaniambia tutengeneze kipande cha programu, moduli moja tu, kitakachojibu swali hilo na lisilo hilo kisijibu. Kikaenea mji mzima, maana nilimuuzia kila mwenye kompyuta. Hata karani wa tribinali, mahakama yetu, alikitumia.

Kufanya kazi naye kulikuwa adhabu. Nasema ukweli, na yeye angekubali. Toleo langu la kwanza nililiandika kwamba mwaka unaanza Januari na kuisha Desemba, nikaliona limekamilika. Akaniuliza kama nimewahi kuona mpunga unavunwa Desemba. Chama cha wakulima, alisema, mwaka wao unafungwa gunia la mwisho likishapimwa, na mtu wa dhahabu mwaka wake unafungwa shimo likijaa maji. "Usiingize mwaka ndani ya mashini. Acha mwenye kazi aseme mwaka wake inaanza wapi." Nikarudia yote. Kisha akanipa mtihani wa mwezi: ukiongeza mwezi mmoja kwenye siku ya mwisho ya Januari, unaangukia wapi? Nikaangukia Machi. Akafunika kompyuta na kwenda kunywa chai.

Kitu alichokipenda kuliko vyote ni Idi. Nilimweleza kwamba Idi haiwezi kuhesabiwa moja kwa moja, kwamba lazima watu watoke nje watazame mwezi. Nilidhani atakasirika, yeye aliyetaka kila kitu kiwe na kanuni. Alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Basi iache wazi," alisema. "Iko siku yenye kungoja jicho ya mutu." Akaandika sehemu hiyo kwa mkono wake mwenyewe, na hadi leo ndiyo iliyo safi kuliko zote.

Alikuwa mrefu, ameinama kidogo kama watu wanaoishi kwenye nyumba za milango mifupi. Kompyuta yake aliibeba kwenye gunia la mchele ili wezi wasiione, na gunia lenyewe aliliosha kila Jumamosi. Saa ya mkononi hakuvaa. Kalenda za ukutani, zile zenye picha za magari na za maaskofu, alipokea zote kwa shukrani na kuzitundika zote, lakini alizigeuza zitazame ukuta, hivi kwamba ukiingia sebuleni uliona migongo mieupe ya miaka imepangwa pande zote. Nilimuuliza sababu. Alisema zinamwangalia. Lakini mtu huyohuyo ungemkuta arusini anacheza mpaka shati linamgandia mgongoni, anatania wasichana, anadai nyama ya pili. Sikuwahi kuzipatanisha hali hizo mbili.

Nisizungushe maneno. Mwalimu alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alipotea njiani akitoka Salamabila. Alikuwa ameolewa hapa mjini na Mwislamu, muuza vitambaa, mtu mpole. Moto aliyoipanda, pikipiki ya abiria, ilionekana imelala majanini kabla ya kufika Kabambare. Yeye na dereva hawakuonekana. Mume alitafuta, akalipa watu watafute, akachoka. Akataka mkewe asomewe dua, akaliliwe kama watu wanavyoliliwa, na watoto wajue. Mwalimu alikataa. Mume akaenda tribinali, na karani alitueleza sheria ilivyo: mtu akipotea, juji, yaani hakimu, anatoa tangazo na kuweka muda; muda ukiisha bila habari yake, anaweza kutamka kwamba amekufa. Siku ya mwisho ikiangukia siku isiyo ya kazi, inasukumwa mpaka siku ya kazi inayofuata. Siku hiyo ya mwisho karani aliihesabu kwa moduli ya Mwalimu.

Jinsi binti alivyopotea, Mwalimu alinisimulia mara moja tu, akiwa anakwangua udongo kwenye viatu vyake kwa kijiti. Binti alikuwa amekwenda Salamabila kuuzia wachimbaji vitenge. Njia ikaharibika kwa watu wenye silaha. Mwalimu akasikia kwamba askari watapita kuifungua, akajua na siku yake, akamwandikia kwenye simu: njia itafunguliwa siku ya 3, panda moto siku hiyo. Binti akajibu: sawa baba, siku ya 3.

Kwa watu wa Mwalimu, siku ya kwanza ni ile inayofuata Jumapili, kwa hiyo siku ya tatu ni ile sisi tunayoiita Jumatano. Binti alikuwa ameishi miaka kwenye nyumba ya Kiislamu, na huko tatu ni Jumatatu. Hata kwenye simu yake aliiandika J3, kama mimi, kama mji mzima. Akapanda Jumatatu. Askari walipita Jumatano, na ndio walioikuta moto.

"Hakukosea," Mwalimu aliniambia. "Nami sikukosea. Njo hiyo inaniua."

Tangu hapo moduli yetu haikuonyesha siku bila majina yake mawili. Ukiuliza tarehe ya kodi yako, inakuandikia: siku ya tatu, yaani Jumatano. Siku ya posho, yaani Jumamosi. Wateja walinitania kwamba mashine yangu ina kigugumizi.

Sasa kufunga. Kila moduli ya namna hii ina sehemu ya siku zilizofungwa: sikukuu za taifa, Noeli, Idi, siku ambazo ofisi hazifanyi kazi. Mwalimu ndiye aliyeitunza. Shangazi yangu alimsikia siku moja akisema, "Nimefunga siku ya ine, kesho pia nitafunga," akadhani ni saumu ya siku ya nne, wala si Alhamisi, akaenda kutangaza kwa majirani kwamba Mkristo yule anafunga kutuzidi. Alimpelekea na uji wa kufuturu. Mwalimu akaunywa wote, asimsahihishe.

Tulicheka sana. Kisha nikaona siku alizozifunga.

Ya kwanza ilikuwa Alhamisi ya kawaida kabisa, haina mtakatifu wala rais. Nilimuuliza kwa nini ameiweka. Alisema, "Iko imefungwa," kama mtu anayesema mvua inanyesha. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya muda ambao juji alimwekea binti yake. Niliiacha, nikijua ni baba anayeiba siku moja, na nani angemnyima? Lakini Alhamisi ilipofika, upepo uling'oa mabati ya tribinali asubuhi, karatasi zikaruka hadi sokoni, na ofisi haikufunguliwa. Siku ya mwisho ikasogea. Karani akapanga nyingine. Mwalimu akaifunga na hiyo, na siku hiyo juji aliamka na malaria, hawezi hata kusimama. Ya tatu, milio ya risasi ilisikika upande wa Kabambare, mji mzima ukakaa ndani, maduka yamefungwa, njia tupu. Ya nne ikawa Idi. Mwezi ulionekana mapema kuliko wazee wote wa msikiti walivyotazamia, na Mwalimu alikuwa ameifunga siku ile kabla hata ya Ramadhani kuingia.

Nilimwogopa. Naliandika jambo hili lilivyo. Nilimpenda kama baba, nikaanza kumwogopa, na alipoingia dukani niligeuza macho nisione anachoandika.

Mji nao ulijua, maana Kasongo hakuna kinachofichwa. Wakaja watu kumnong'oneza awafungie siku ya kesi, siku ya kuhamishwa, siku ya mkwe kuja. Aliwafukuza wote kwa sauti kubwa. "Miye sifungi kitu! Naandika tu!" Mama mmoja wa Nyangwe alilia mlangoni kwake tangu asubuhi, na Mwalimu akatoka akampa samaki na nauli ya mtumbwi lakini hakumwandikia siku yake.

Kuna jambo lingine, na hili nililisikia kwa masikio yangu. Jirani yake alikuwa ameniambia kwamba kila siku ya mwisho ikikaribia, moto inakuja mpaka kwenye ua wa Mwalimu, inazimwa, na hakuna mtu. Nilimwambia aache maneno ya watu wavivu. Kisha nikawa pale, mchana, jua kali, tunasahihisha hesabu za chama cha mpunga. Moto ikaja. Nilisikia gia ikipunguzwa, matairi kwenye kokoto, injini ikakata. Nikatoka kumpokea mgeni. Ua ulikuwa mtupu, kuku wamesimama wote wakitazama upande mmoja, na harufu ya petroli ilikuwapo. Niliporudi ndani Mwalimu hakuinua uso. "Siku haijafika," alisema. "Ikifika ataingia."

Mkwe wake, yule muuza vitambaa, ndiye aliyeyafikisha mambo ukingoni. Alitukuta wote wawili dukani kwangu, akasimama mlangoni bila kuketi, sauti yake chini.

"Baba, sikatai kungoja. Lakini wanangu wanaulizwa mama yao yuko wapi, na hawana la kusema. Hawezi kuwa hai kwako na maiti kwangu. Nakuomba uifungue siku."

Nilitegemea Mwalimu ampigie kelele. Alinigeukia mimi. "Futa," alisema. "Siku yote niliyoongeza, futa. Aone kwa macho yake."

Nikafuta. Mkwe aliinama juu ya bega langu akiona kila mstari ukitoweka, zikabaki sikukuu za taifa na zile za dini. Nikauliza moduli siku ya mwisho ya binti. Kwa hesabu ya vidole ilikuwa iangukie Jumanne inayokuja. Ikajibu Jumatano. Nikazima, nikawasha. Jumatano. Nikaandika Jumanne kwa mkono na kuuliza: hii ni siku ya kazi? Ikajibu si ya kazi.

Mkwe alimtazama Mwalimu kwa chuki, akidhani amefanyiwa mchezo. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mwalimu kuliko yeye, nikauona uso wake. Alikuwa amepauka hadi midomo.

"Si miye," aliniambia. "Mama, hii si miye."

Nilisoma programu ile mstari kwa mstari, siku kwa siku, nikairudia. Mimi ndiye niliyeiandika nusu yake. Haikuwa na kosa. Jumanne ile ilipofika, mama mzazi wa karani alifariki alfajiri, ofisi nzima ikaenda mazikoni.

Baada ya hapo Mwalimu hakuandika siku tena, na siku ziliendelea kujifunga. Aliniambia anavyoamini, na nilimsikiliza kwa sababu sikuwa na maelezo bora. Alisema si yeye anayezifunga, ni binti. Mtu akiondoka asubuhi kwenda safari, siku yake haiishi mpaka afike. Yeye aliondoka Jumatatu na hajafika, kwa hiyo bado ni Jumatatu yake, na anashikilia mlango kwa ndani siku nyingine isiingie kabla yake. Alilisema hilo kwa sauti ya darasani, ile ya kueleza kwa nini Februari inahitaji uangalifu. Karibu nichukue kalamu.

Akakonda. Akaacha arusi. Darasani alikatisha sentensi katikati na kutazama dirishani upande wa njia ya Kabambare, na wanafunzi walizoea, wakawa wanangoja. Kwangu aliendelea kuja, ila kazi hakuleta.

Mara ya mwisho alipoingia dukani mvua ilikuwa imenyesha na kuacha. Alikataa chai. Aliketi kwenye benchi la wateja, kofia mapajani, na nilijua kuna neno.

"Moto haikuji tena," alisema.

Nikamwambia alhamdulilahi, sasa atalala.

"Hapana, mama. Mafuta imemuishia. Sasa mutoto iko natembea na miguu." Aligeuza kofia, akaitazama ndani. "Nasikia hatua. Zinakuja mpaka kwa lupango, penye ua yangu, zinarudi. Zinakuja, zinarudi. Ile ya jana ilikuwa ya mutu mwenye kuchechemea." Akaanza kulia, mzee yule, bila kujifuta. "Nilifikiri iko nanizuilia siku ili nimungoje. Kumbe miye njo ninamuzuilia. Miye njo nilianza kufunga. Iko nachoka, mama. Fungua siku, afike."

Nikawasha mashine. Nilimwonyesha kwamba hakuna cha kufungua, kwamba tulishafuta kila kitu siku ile na mkwe. Alitikisa kichwa, akasogea, akaweka kiganja juu ya kompyuta kama mtu anavyopima homa ya mtoto.

"Mwanangu," alisema, "pita."

Nikauliza moduli siku ya mwisho. Iliandika tarehe ya kesho, na majina yake yote mawili, na chini yake: siku ya kazi.

Kesho yake hapakuwa na upepo, wala risasi, wala msiba. Juji alifika kabla ya watu. Karani akasoma jina la binti, na Mwalimu, aliyeulizwa kama baba iwapo anakubali, akasimama na kusema neno moja, "Ndiyo," kwa sauti yake ya darasani. Mkwe wake ndiye aliyeanguka kwenye kiti akilia, akashikwa. Tulipotoka, watu walielekea kwa mkwe kwa ajili ya dua. Wanawake walikuwa wamekwisha kuinjika sufuria. Nikatafuta Mwalimu kati ya wanaume, simwoni. Nikauliza, wakasema ameonekana akienda upande wa njia ya Kabambare.

Nilikwenda kwa miguu. Nyumba ziliisha, vikaanza vichaka vya mihogo, na matope yalinivuta kandambili. Nikamwona anarudi, mbali kidogo, anakuja polepole sana. Hakutembea katikati ya njia. Alitembea upande mmoja, mkono wake wa kulia umeinuka kidogo na kukunjwa, kama unavyomkunjia mkono mgonjwa aushike. Kila hatua chache alisimama, akangoja, akaendelea.

Alinifikia. Uso wake ulikuwa mweupe kwa furaha, sina neno jingine.

"Amefika," aliniambia. "Musalimie. Iko na haya, hakutazamia watu."

Upande wake wa kulia hapakuwa na mtu. Mimi si mtu wa kusalimia hewa. Niliwahi kumkemea shangazi yangu mbele ya wageni kwa mambo madogo kuliko hayo. Lakini nilimtazama mzee yule, nikautazama mkono wake, na niliona kitambaa cha shati kimevutwa chini pale penye kiwiko, kimekunjamana, kama kimeshikwa.

"Karibu nyumbani, dada," nilisema. "Pole na safari."

Njia pale ni nyembamba, ina maji upande mmoja. Nikavua kandambili, nikashuka kwenye majani yenye maji, wapate nafasi ya kupita wawili.